Mlango wa Tanuri

9 Oktoba

Nyuzi joto mbili asubuhi. Nimefika nyumbani Thunder Bay jana, na masanduku mawili: moja la nguo, jingine la vitabu vya tasnifu ninayotakiwa kuimaliza kabla theluji haijayeyuka. Hayo Baba anayajua. Asilolijua ni ahadi niliyompa kaka yangu Rauno, kwamba nitamwangalia Baba majira yote ya baridi, niandike ninachokiona, na Aprili niseme kama anaweza kuendelea kuishi peke yake katika nyumba hii. Rauno ameshamwandalia chumba kwake Kelowna, huko magharibi ambako baridi ni ya kistaarabu. Kwa ajili hiyo nimenunua daftari hili.

Nilichokiona leo: Baba amenisalimu mara mbili, kana kwamba mara zote mbili ndiyo naingia. Kichwa kinamuuma. Ameacha kahawa jikoni ikachemka hadi ikakauka. Mama alifariki Machi. Huenda ni huzuni. Huenda si huzuni.

11 Oktoba

Baba amelifunika boksi la nje la kipoza hewa kwa turubai la kijani alilolishona Mama. Mtaa mzima hulaza maboksi yao hivi, yasiingie theluji, kabla ya sikukuu ya Shukrani. Turubai lina kamba sita. Baba amefunga nne akainuka akishika kiuno. Bi Fiorella, jirani yetu, alikuwa amesimama kwenye ua wake na kikombe mkononi.

"Veikko! Irja alikuwa anafunga zote sita!"

"Irja hakuwa na mgongo huu."

"Mgongo au uvivu?"

"Njoo uufunge huo mdomo kwanza, halafu tuzungumzie kamba."

Wamecheka wote wawili. Nimefurahi kumwona akicheka, kisha nikaingia ndani na kuandika "kamba nne" kama polisi.

14 Oktoba

Kila usiku saa tatu Baba anashusha kidhibiti cha joto ukutani hadi nyuzi kumi na tano. Kila alfajiri saa kumi na moja anakipandisha hadi ishirini na moja, na tanuri la gesi kule chumba cha chini linaguna, linawaka, na matundu ya sakafuni yanapuliza hewa ya moto kama mtu aliyefungua jiko la mkate. Nililala utoto wangu wote kwa mguno ule. Leo nimeamka nao, kichwa kizito.

20 Oktoba

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Kwa siku tano nimeamka na maumivu ya kichwa. Nilisingizia tasnifu. Lakini jana nilikaa maktaba kutwa, yakaisha; niliporudi nyumbani, baada ya saa mbili yakanirudia. Asubuhi ya leo nimemkuta Baba ameketi kwenye ngazi za kushukia chini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Irja ameshatoka?" akaniuliza.

Irja ni Mama.

Nikamshika mkono, nikamtoa hadi kibarazani bila koti, nikampigia simu Gordie Kowalchuk. Gordie alibeba sanduku la vifaa la Baba kwa miaka tisa akijifunza kazi, maana Baba alikuwa fundi wa matanuri ya gesi kwa miaka arobaini, na nusu ya nyumba za mji huu zimewahi kupashwa moto na mikono yake. Gordie alifika na kipimo chake cha hewa ya sumu. Kikaanza kupiga kelele kabla hajamaliza ngazi.

Alifunga gesi, akafungua madirisha yote. Kwa kioo na tochi aliona ufa mrefu kama kidole kwenye bati linalotenganisha moto na hewa tunayopumua. Kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, ilikuwa ikivuja humo. Hospitalini wametupima damu, wametuvika barakoa za oksijeni, tukakaa kando kwa kando kama marubani wawili waliokatazwa kuruka.

King'ora cha sumu kilikuwepo. Tumekikuta kabatini, betri imetolewa.

"Kilikuwa kinalia-lia betri ikiisha," Baba amesema. "Mama yako alikuwa anashtuka, wiki zile za mwisho. Nikasema nitakirudisha."

Mganga hajigangi.

Jioni Gordie alirudi na kadi nyekundu ya kulifungia tanuri lisiwashwe tena. Alisimama nayo mkononi kama anayesubiri ruhusa.

"Mzee, nisamehe."

"Funga," Baba akamwambia. "Usingelifunga ningekufukuza kazi."

"Ulinifukuza mwaka 2004."

"Basi ningekuajiri ili nikufukuze tena."

Kabla ya kufunga, Gordie alinionyesha upande wa ndani wa mlango wa tanuri. Mafundi wa gesi huandika humo kwa penseli kila wanapokagua: tarehe, walichofanya, na herufi mbili za jina. Sahihi ile maana yake ni kwamba nimeona kwa macho yangu, ni salama, laleni. Mstari wa kwanza ni wa mwaka niliozaliwa: "Limewekwa leo. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. V.S." Mistari ya mwisho, ya kubadilisha chujio la hewa, ni hii: "28 Sept. Chujio. V.S." Chini yake, "28 Sept. Chujio. V.S." Kisha "28 Sept." tena, bila sahihi, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Mimi niliandika kahawa iliyokauka. Sikuandika kwamba nyumba inamtia sumu.

23 Oktoba

Nyuzi moja chini ya sifuri. Tunaishi kwa vihita vya kuazima. Rauno amesema kwenye simu: hakuna tena moto ndani ya nyumba ambamo mzee anaishi peke yake, ama pampu ya joto, ama Kelowna. Baba amesikia, maana Rauno huongea kwenye simu kama anayeita ng'ombe.

Gordie amekuja, tukakaa jikoni sisi watatu.

"Niambie kama fundi," Baba alisema. "Siyo kama mchuuzi."

"Kama fundi, tanuri jipya la gesi ni zuri na ni salama, likikaguliwa. Ikija baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri halitetereki. Pampu haiwashi moto. Inakusanya joto lililomo kwenye hewa ya nje, inaliingiza ndani."

"Joto gani lililoko nje Januari?"

"Lipo, Mzee. Dogo, lakini lipo. Friji lako linalitoa wapi joto lile linalopuliza nyuma yake? Linaliondoa kwenye maziwa. Hii ni friji lililogeuzwa."

"Kwa hiyo nyumba yangu itapashwa moto na friji."

"Baridi ikizidi kabisa pampu inachoka, koili za umeme, kama zile za jiko, zinaisaidia."

"Na umeme ukikatika?"

"Kwani feni ya tanuri lako ilikuwa inaendeshwa na nini? Sala?"

Baba aliegemea kiti. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilijua swali halikuwa gesi au umeme, lilikuwa hapa au Kelowna, na kwamba alikuwa akikubali kazi ya maisha yake itolewe nje ya nyumba yake ili yeye abaki ndani.

"Sawa," akasema. "Wekeni friji lenu. Ila mlango wa tanuri mniachie."

30 Oktoba

Wametoa tanuri vipande vipande. Boksi la zamani la kipoza hewa nalo limeng'olewa. Mahali pake, ubavuni mwa nyumba, limesimama boksi la pampu, limefanana nalo kama pacha, ila limeinuliwa juu ya miguu ya chuma. Turubai la Mama limetundikwa msumarini kwenye kibaraza cha nyuma. Mlango wa tanuri Baba ameurudisha chini mwenyewe, ameutundika ukutani. King'ora kipya kipo, kina betri. Nimekijaribu mara tatu.

2 Novemba

Nyuzi tatu chini ya sifuri. Baba ameweka mkono juu ya tundu la sakafuni.

"Hewa hii ni baridi."

Nimepima. Thelathini na nne. "Mwili wako una thelathini na saba, Baba. Ndiyo maana unaiona baridi."

"Mwanangu ana shahada mbili na bado ananiambia mkono wangu ni mwongo."

Maumivu ya kichwa yamekwisha. Yangu na yake.

5 Novemba

Ameshusha kidhibiti usiku. Nimemweleza: tanuri lilikuwa na nguvu ya kupandisha nyumba nyuzi sita kwa mara moja, pampu haina. Ukiishusha usiku, alfajiri koili za umeme zinawaka kuifidia, nyumba inachelewa kupata joto. Ikae ishirini, usiku na mchana. Amesema sawa.

6 Novemba

Ameshusha.

9 Novemba

Ameshusha. Nimeanza hesabu ya mara anazosahau, upande wa nyuma wa daftari.

17 Novemba

Theluji ya kwanza ya kukaa. Pampu, ikijiyeyushia barafu, imetoa wingu zito la mvuke. Bi Fiorella amekuja mbio na ndoo.

"Veikko! Friji lako linaungua!"

Baba amecheka mpaka ameshika ukuta. Ameshusha tena usiku, hata hivyo.

1 Desemba

Kumi na nne chini ya sifuri. Sina la kuandika. Nimeandika kurasa nne za tasnifu, nimefuta tatu.

25 Desemba

Uji wa mchele wenye lozi moja, bahati ya atakayeipata, kama Mama alivyoupika. Lozi imemwangukia Baba. Ameiweka pembeni ya bakuli la Mama, ambalo nilikuwa nimeliweka mezani kwa kusahau.

Nimesahau mimi. Yeye hajasahau kitu leo. Sikuiandika hiyo kwenye hesabu.

8 Januari

Ishirini na mbili chini. Wiki nzima hajashusha. Sijui amekumbuka au amesahau kushusha. Ni aibu kwamba naweza hata kuuliza hivyo.

17 Januari

Dhoruba kutoka ziwani. Kwenye dirisha la kusini hakuonekani kitu. Mchana Baba alilala. Mimi nilijifungia na tasnifu, vipokea sauti masikioni ili nisisikie upepo.

18 Januari

Thelathini na moja chini ya sifuri.

Nimeamka pumzi ikionekana. Kidhibiti: kumi na tatu. Baba alikuwa ukumbini amevaa koti na kofia, amesimama mbele ya kidhibiti lakini hakigusi, mikono nyuma, kama mtu aliyezuiwa.

"Sijakigusa, Senja," akasema kabla sijamuuliza.

Nikatoka nje. Theluji ilifika mapajani. Nilifika kwenye boksi na sikuamini: lilikuwa limefunikwa. Turubai la kijani la Mama, limebanwa vizuri, kamba zote sita zimefungwa. Chini yake pampu ilikuwa imejaa barafu na imejizima. Koili za umeme peke yake zilikuwa zimepigana usiku kucha na zimeshindwa.

Nilikata kamba kwa kisu. Nikaingia na turubai lile, nikalitupa juu ya meza ya jikoni, likadondosha theluji juu ya mkate wa iliki.

"Baba, kwa nini umelifunika?"

Alilitazama muda mrefu.

"Nimelifunika?"

"Ni nani mwingine anayejua lilipo?"

Nilisema kwa sauti ya Rauno. Nilijisikia nikiisema. Baba aliupitisha mkono juu ya mishono ya Mama, polepole, mshono kwa mshono, na uso wake ukawa kama uso wa mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo.

"Labda ni mimi," akasema. "Jana nilipoamka kizunguzungu kilikuwepo. Labda ni mimi, mwanangu."

Gordie alikuja na kuyeyusha barafu. Saa nne nzima. Aliniambia kwa upole kwamba kulifunika lile boksi wakati wa baridi ni sawa na kumziba mtu pua na kumwambia akimbie, na fundi wa gesi au asiye wa gesi anajua hilo. Alisema hivyo akiwa amemgeukia Baba mgongo, asimwone uso.

Nimempigia simu Rauno nikamwambia: njoo umchukue.

19 Januari

Nyumba imepata joto. Baba amekula kidogo. Hatujasemezana zaidi ya chumvi na sukari.

21 Januari

Bi Fiorella amekuja na keki zake za sukari ya waridi. Baba alikuwa amekwenda kununua gazeti. Jirani ameketi, amevua glovu kidole kwa kidole, akasema:

"Boksi lenu limesalimika ile dhoruba? Nilipiga hodi weee, hamkusikia. Nikasema maskini Veikko, mwaka huu hana Irja wa kumkumbusha, amelisahau friji lake jipya nje uchi, kana kwamba lenyewe halilali kama maboksi mengine. Nikalichukua turubai pale msumarini nikalifunga mwenyewe. Kamba sita! Irja angenisuta ningefunga nne."

Nilimshukuru. Nilikula keki, sijui ilikuwa na ladha gani.

Alipoondoka nikarudi kwenye daftari hili, ukurasa wa 11 Oktoba. Nimeandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu: kamba nne. Baba hufunga nne. Ukurasa wa 18 Januari, kwa mwandiko uleule: kamba zote sita. Nilikuwa na yote mawili mkononi. Nimesoma miaka kumi jinsi ya kulinganisha vitu viwili, na nilishindwa kulinganisha viwili hivyo kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari.

Kisha nikashuka chini. Sikuwa nimekwenda tangu Novemba, ule ni upande wake. Mlango wa tanuri umejaa mistari mipya. Tangu 2 Novemba hakuna siku iliyorukwa, hakuna iliyorudiwa. Joto la nje, joto la hewa kwenye tundu, saa ambazo koili zimewaka. "6 Nov. Nimeshusha 15. Koili dakika 95." "9 Nov. Nimeshusha 17. Koili dakika 60." "2 Jan. Sijashusha. Koili 0. Senja yuko sahihi." Alikuwa anapima. Niliyoyahesabu kuwa usahaulifu yalikuwa majaribio, mazuri kuliko yangu ya maabara, na herufi zimesimama wima.

Mstari wa tatu kutoka chini: "18 Jan. -31. Turubai. Sikumbuki. Huenda ni mimi." Hakuna sahihi.

Baba amerudi na gazeti, nimemkuta mlangoni akipangusa theluji kwenye viatu.

"Si wewe, Baba. Ni Bi Fiorella. Alikuwa anatusaidia."

Alikaa kwenye benchi la viatu. Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Kamba ngapi?"

"Sita."

"Mimi hufunga nne," akasema, na akafunika macho kwa kiganja chenye gazeti. Nilikaa sakafuni nikaweka kichwa gotini pake. Theluji ya viatu vyake ilinilowesha bega. Kisha akasema, "Usimwambie lilizimika. Mwambie asante. Mwambie tu hili boksi halilali."

22 Januari

Nimempigia Rauno. Nimemwambia nilikosea, na nimemwambia nilivyokosea. Amesema tiketi ya Machi ameshaikata na atakuja kujionea. Ana haki. Mimi ndiye niliyemwita.

8 Februari

Jumamosi, siku ya sauna, bafu letu la mvuke. Mimi nimeingia baada ya Baba, kama kawaida, kisha chai kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mashavu yakiwaka.

"Unaniandika," Baba amesema.

Sikukana.

"Tangu Oktoba. Nilijua. Fundi akiingia nyumbani kwa mtu na daftari, mwenye nyumba anajua."

"Samahani, Baba."

"Kukagua si kosa. Ila unapokagua, gusa. Usisimame mlangoni ukaandika." Akanywa chai. "Nilidhani nitalichukia lile friji. Unajua tanuri lilikuwaje? Kama mjomba mlevi. Anaingia kwa kishindo, anawakumbatia wote mpaka mnatoka jasho, anaondoka, mnabaki mnatetemeka hadi arudi. Hili halina kishindo. Unadhani halifanyi kitu. Halafu unagundua hujasikia baridi tangu asubuhi." Akapangusa jasho usoni. "Kama mama yako. Alikuwa tu chumbani."

15 Februari

Ishirini na nane chini. Koili dakika arobaini. Ameniita nishike kipima joto, yeye aandike.

14 Machi

Rauno amefika. Amepita vyumba vyote akigusa kuta kama mnunuzi. Kwenye chakula alianza: "Baba, mimi na Senja tumekuwa tukizungumza..."

"Njoo chini," Baba akamwambia.

Nilibaki juu ya ngazi. Nilisikia taa ikiwashwa. Kisha kimya kirefu cha mtu anayesoma. Najua alipofika kwenye 28 Sept. tatu, maana nilisikia akivuta pumzi. Najua alipofika 18 Januari. Chini ya mstari ule sasa kuna maandishi yangu: "Si yeye. Jirani. S.S."

"Mistari yote hii umeiandika peke yako?" sauti ya Rauno, ndogo.

"Hapana. Nilikuja na karani wa serikali."

"Baba, Kelowna chumba kipo..."

"Nitakuja Julai. Wiki mbili. Nikukague wewe. Nasikia unakula chakula cha kwenye boksi."

Rauno amecheka, kisha hakuwa anacheka. Baba amemwacha alie, akisubiri na tochi mkononi.

30 Machi

Nyuzi nne, juu ya sifuri. Paa linadondosha maji. Tasnifu imekwisha, au imechoka.

12 Aprili

Nyuzi kumi na moja. Ndege yangu ni saa tisa mchana. Nilikuwa nafunga sanduku Baba akaniita chini.

Pampu ilikuwa kimya, haina kazi leo. Amefagia. Mlangoni alikuwa ameshaandika mstari wa mwisho wa majira: "12 Apr. Majira yamekwisha. Nyumba moja, mzee mmoja. Imekaguliwa miezi sita." Mwisho wa mstari nafasi ilikuwa tupu. Akanipa penseli.

"Siyo mimi," akasema. "Aliyekagua ndiye anayetia sahihi."

Nilijua maana ya sahihi ile: nimeona kwa macho yangu, ni salama. Nimeizungusha penseli vidoleni muda mrefu, naye hakuniharakisha. Nilimgusa kwanza: bega, kisha shavu lisilonyolewa vizuri chini ya sikio, kisha mkono, uliokuwa na joto kuliko wangu.

Nikaandika S.S.

Baba alivaa miwani, akainama, akaisoma kama asiyeyajua majina yetu. Kisha akazima taa, akatangulia ngazini, polepole, viatu vyote viwili miguuni.